Diski ya laptopu inakufa: soma dalili zake uyaokoe mafaili kabla hujaanza kutengeneza

Karibu kila anayeniletea laptopu yenye diski mbovu ananiambia maneno yale yale, "nitengenezee diski". Nami namuuliza kwanza, ndani mna nini? Hapo ndo sura inabadilika. Picha za harusi ya mdogo wake, alama za wanafunzi wa term nzima, hesabu za duka za miaka mitatu, sauti ya marehemu baba yake akisoma Qur'an. Sasa jamani, diski mpya inauzwa dukani Darajani hapa Unguja, lakini ile sauti haiuzwi popote. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi au kudanlodi programu yoyote shika jambo moja tu: diski inayougua imebakiwa na pumzi za kuhesabu, na pumzi hizo zote zitumie kukopi. Kutengeneza baadae.

Nitaeleza kidogo namna inavofanya kazi ili ujue kwa nini nasisitiza hivo. Diski ya laptopu ya aina ya HDD ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5400 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea kwa umbali wa nanomita chache. Chembe moja ya vumbi kwake ni jabali. Kichwa kikianza kulegea au sahani ikichubuka, kila dakika ambayo diski imewashwa inazidi kuchubuka, hata kama wewe umeiacha tu mezani huifanyi kitu. Kwa hiyo ukiona dalili, zima. Ukimaliza kuzima ndo usome yaliyobaki hapa kwa simu.

Na ununue au uazime kabisa pa kuhamishia: eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwa USB, yenye nafasi kubwa kuliko diski inayokufa. Usiniambie "nitakopi kwenye folda nyengine ya diski ile ile", nimeshaona mtu kafanya hivo.

Laptopu imekuwa nzito, inaganda, baadhi ya mafaili hayafunguki

Hii ndo inayokuja mara nyingi kuliko zote, na ndo wakati mzuri kabisa wa kuokoa mana diski bado inazungumza na wewe. Sababu ya kwanza na ya kawaida ni sekta mbovu, sehemu za sahani zisizosomeka tena, mashine inajaribu kusoma pale pale mara mia na wewe unaona kiduara kinazunguka. Ya pili si ugonjwa wa diski kabisa, imejaa tu au Windows inajiapdeti kimyakimya. Ya tatu ni waya au kiunganishi kilicholegea ndani.

Kuzitofautisha ni rahisi. Kwenye mashine nyengine danlodi CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ile isiyohitaji kuinstoli, iweke kwenye flashi alafu uifungue kutoka kwenye flashi hiyo hiyo. Rangi ya buluu maana yake salama, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Lakini usitazame rangi peke yake, tazama mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sekta zilizokwishahamishwa, C5 ni zinazosubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana. Zikiwa sifuri zote shida yako huenda ipo pengine. Zikiwa na namba, na kesho ukitazama namba imepanda, basi diski inakwenda. Namba hizo kwa kawaida huandikwa kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), kwa hiyo ukiona 64 mwishoni ujue ni 100. Kama inayopanda ni C7 peke yake, hapo shukuru, mara nyingi huo ni waya au kiunganishi, diski yenyewe nzima.

Ukishajua ni sekta mbovu, kopi kwa mpangilio. Anza na kile ambacho ukikikosa utalia: picha, sauti, mafaili ya kazi. Filamu za kudanlodi ziache mwisho au ziache kabisa. Usikamate folda zote kwa mpigo ukaenda kuswali ukategemea ukirudi utakuta imemaliza, itakwama kwenye faili moja bovu na zote za nyuma yake zitasubiri. Chukua folda ndogo ndogo. Kama unajua kuandika amri, robocopy, amri ya kukopi ya Windows, inafaa sana lakini lazima uiambie isirudie, kwa sababu bila kuambiwa inajaribu faili moja mara milioni:

`robocopy D:\Picha E:\Picha /e /r:0 /w:0`

Hapo D ni diski mgonjwa na E ni eksteno. Faili bovu inarukwa, nzima zinapita.

Sasa la kuogopwa hapa ni chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Watu wengi wanashauriana "ipige chkdsk" kama vile panadol. Chkdsk kazi yake ni kuunyoosha mpangilio wa mafaili ili Windows ifanye kazi, haijali faili lako la harusi, ikiliona halieleweki inalikata vipande au inalifuta kwenye orodha, na ikiambiwa itafute sekta mbovu inaikimbiza diski mgonjwa mwanzo hadi mwisho usiku kucha. Nimepokea diski ya mpiga picha mmoja iliyoachwa na chkdsk kutoka saa mbili za usiku mpaka alfajiri. Jioni yake ilikuwa inasoma picha kwa taabu, asubuhi ilikuwa inagonga. Chkdsk, kudifragi (kupanga upya vipande vya mafaili) na kuinstoli Windows upya, vyote hivyo ni vya baada ya kukopi.

Windows haiwaki, skrini ya buluu, au mashine inasema haioni pa kuwashia

Kwetu hapa sababu ya kwanza ni umeme. Unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena, na laptopu nyingi betri zimekufa zinategemea chaja peke yake, kwa hiyo umeme ukikatika Windows inakufa katikati ya kuandika. Wanaokumbuka kile kiza cha Unguja kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu tunaishi kwa majenereta, wanajua mashine zilivoumia. Hapo mara nyingi diski ni nzima, Windows ndo imeharibika, na mafaili yako yamelala salama. Sababu ya pili, kuna flashi imesahauliwa kwenye USB na mashine inajaribu kuwakia hapo. Usicheke, chomoa kwanza kila kitu uwashe tena. Ya tatu, diski imelegea mahali pake. Ya nne ndo diski inakufa.

Ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mashine inayotangulia Windows, mashine nyingi ni F2 au F10 mara tu ukiwasha, uangalie kama jina la diski linaonekana. Likionekana, usimkubalie fundi anayetaka kupiga Windows mpya papo hapo. Kila kinachoandikwa juu ya diski kinaweza kukanyaga faili lako.

Njia salama ni kuwasha mashine kwa Linux, mfumo mwengine wa bure badala ya Windows, kutoka kwenye flashi. Chukua flashi ya GB 8, kwenye mashine nyengine isiyo na ubovu tengeneza Ubuntu, aina moja ya Linux, kwa programu ya Rufus, chomeka, washa, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au Esc alafu F9 kwa HP, uchague flashi. Ikikuuliza unataka kujaribu au kuinstoli, chagua kujaribu. Nasema tena, kujaribu. Hapo utafungua diski yako kama folda ya kawaida ukopi kwenda eksteno. Uzuri mwengine wa Linux ni kwamba haikusumbui na ruhusa. Ukichomeka diski hiyo kwenye Windows nyengine itakwambia huna ruhusa ya folda, ukikubali inaanza kuandika ruhusa mpya kwenye mafaili yote, na diski mgonjwa haitaki kuandikwa.

Kitu kimoja kinawakwamisha watu: Linux ikionyesha diski imefungwa inataka ufunguo, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha mafaili. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 zinajifunga zenyewe bila mwenyewe kujua. Ufunguo wake una tarakimu 48 na kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia siku ya kwanza. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu uutafute. Kama akaunti alikufungulia muuza duka kwa imeili yake, mtafute leo, mana bila ufunguo huo hakuna fundi duniani atakayekufungulia.

Diski inaonekana lakini inaomba ifomatiwe

Jibu ni hapana. Funga hicho kidirisha. Mara nyingi ni orodha ya mafaili imeharibika, kwa umeme kukatika au eksteno kuchomolewa kwa pupa, na mafaili yenyewe bado yapo. Sababu nyengine ni sekta mbovu zimeangukia pale pale kwenye orodha, na hii huioni kwa macho mpaka utazame zile namba za 05 na C5.

Kama namba ni safi, programu ya TestDisk inaweza kukuonyesha mafaili na kuyakopi bila kugusa diski, na haiuzwi, ni ya bure. Ikishindikana tumia ndugu yake PhotoRec, anayepekua sahani nzima akitafuta alama za picha na dokumenti. Atakuletea mafaili lakini bila majina na bila folda, utakaa siku nzima unapanga picha elfu kumi zenye namba tu, lakini utakuwa nazo.

Kama namba ni mbaya usipekue diski yenyewe. Kwanza itolee nakala nzima, sekta kwa sekta, alafu upekue nakala. Chombo chake ni ddrescue, kimo tayari ndani ya SystemRescue (Linux ya flashi ya kuokolea mashine), na kwenye Ubuntu kinaitwa gddrescue ukikiinstoli. Fungua dirisha la amri la Linux, angalia kwanza majina ya diski kwa `lsblk`, linganisha ukubwa, mana ukigeuza chanzo na mwisho umejimaliza mwenyewe. Alafu:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/eksteno/diski.img /media/eksteno/ramani.map`

Badilisha sdb na njia ya eksteno zifuate za mashine yako. Mzunguko huu wa kwanza unachota kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka pabovu. Ukimaliza rudia amri hiyo hiyo, pahala pa `-n` weka `-r3`, ndo irudi kwenye mabovu mara tatu. Lile faili la ramani ndo uhai wa kazi yote, umeme ukikatika unaendelea ulipoachia. Eksteno iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT, ikiwa FAT32 itagoma kwenye GB 4. Diski isiyo na ubovu ya GB 500 inamaliza kwa saa mbili hivi, mgonjwa anaweza kuchukua siku tatu. Weka feni iipulize, usiisogeze, na msikilize. Ukisikia mlio umebadilika, simamisha.

Kimya kabisa, haionekani popote

Hapa msikate tamaa haraka, mana kimya mara nyengine ndo ugonjwa mwepesi. Anza na waya wa USB, badilisha. Badilisha tundu. Diski ndogo za laptopu zinakula volti 5 kutoka kwenye USB na zikianza kuzunguka zinataka umeme mwingi, tundu la zamani la USB 2 linashindwa kuzibeba, jaribu tundu la USB 3 au waya wenye vichwa viwili. Kama diski ipo ndani ya laptopu, zima, toa betri, ichomoe na uirudishe vizuri. Jaribu na kasha jengine la USB, mana makasha ya bei rahisi yanakufa kabla ya diski.

Yote hayo yakishindikana kuna jambo letu la visiwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, khasa wakati wa masika, na nyumba ikiwa karibu na pwani utaona hata bawaba za mlango zinavoliwa. Mwalimu mmoja wa skuli alinishushia diski kwenye boti kutoka Wete, Pemba, imefungwa ndani ya kanga, haizunguki wala haionekani. Nilifungua zile skrubu ndogo za nyota zinazoshika bodi ya kijani ya chini, nikaigeuza, na pale bodi inapogusana na mwili wa diski, vile vidoa vidogo vinavyotakiwa kung'ara, vilikuwa vyeusi kama masizi, viwili vimeota ukijani. Nikachukua raba ya kufutia penseli nikasugua taratibu kidoa kimoja kimoja mpaka kikang'ara, nikafuta unga kwa spiriti ya isopropili, nikaacha ikauke, nikarudisha. Ikazunguka. Sikusherehekea, nilikopi saa tatu mfululizo sijainuka, na kweli wiki ya pili yake ilikufa moja kwa moja.

Bodi ya chini kuifungua ni salama ukiwa na mkono mtulivu na bisibisi sahihi, T5 au T6. Kifuniko cha juu usikiguse, hapo ndo zipo sahani. Na usiamini kununua bodi ya diski nyengine ya namna hiyo hiyo ukaibandika, bodi nyingi zina chipu yenye taarifa za diski ile ile moja tu na lazima ihamishwe kwa kuchomelewa. Hiyo ni kazi ya mtu anayeijua.

Inagonga tik, tik, tik, au inalia nyembamba kama kifaranga

Zima. Ruhusa unayo ya jambo moja tu, kujaribu mara moja tundu jengine lenye umeme wa kutosha, kwa sababu umeme mdogo nao unafanya diski igonge. Sekunde kumi. Bado inagonga, chomoa na usiiwashe tena wewe wala jirani yako. Kugonga ni kichwa kinatafuta njia kwenye sahani hakioni, na kile kilio chembamba ni mota inataka kuzunguka imeshikwa, mara nyengine vichwa vimenata juu ya sahani. Hakuna programu ya kutibu hayo.

Na ule ushauri wa kuitia frizani, naomba tuuache. Kwa unyevu wa hapa ukiitoa tu inatoka jasho kama chupa ya soda, na maji hayo yanaweza kuingia ndani mpaka kwenye sahani. Kuigonga kwa kiganja pia usithubutu.

Imeanguka, au imeingia maji

Ikianguka usiiwashe "kuangalia kama nzima". Vichwa vikiwa vimepinda, ule mzunguko wa kwanza ndo unaochora sahani.

Ikiingia maji, watu wanaizika kwenye mchele au wanaipuliza na draya. Mchele kwa diski haufanyi kitu. Ikiwa maji ya bahari ni hatari zaidi, yakikauka chumvi inabaki ndani inakula na kunata. Iache na unyevu wake, itie kwenye kopo la plastiki lenye kufunga vizuri, uipeleke kwa wataalamu haraka.

Nimefuta kwa makosa

Acha kuitumia mashine hiyo hapo hapo. Usidanlodi Recuva, programu ya kurudisha mafaili, ukaiinstoli juu ya diski hiyo hiyo, utakuwa unamwaga mchanga juu ya kitu unachokitafuta. Toa diski, ichomeke kwenye mashine nyengine, utafute kutoka huko. Kwa SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, hali ni ngumu zaidi, kuna kitu kinaitwa TRIM kinaiambia SSD isafishe nafasi ya faili lililofutwa, na baada ya hapo kurudisha ni bahati. SSD pia ikifa haigongi, na mara nyingi haitoi onyo, inanyamaza tu, kwa hiyo mwenye SSD awe na kopi ya pili siku zote.

Ukifika kwa fundi

Muulize maswali haya bila kuona haya. Utatoa nakala kwanza au utaanza kupekua? Ukihitaji kufungua kifuniko utafungulia wapi? Akikuonyesha meza yenye feni ya dari, mshukuru uchukue diski yako, kufungua kunataka chumba maalumu kisicho na vumbi. Bei ijulikane kabla, na malipo yategemee mafaili uliyoyapata.

La picha nalisema wazi kwa sababu linatugusa. Diski za majumbani zina picha za mama zetu na dada zetu, za harusi za ndani, hazikupigwa ili mwanamme wa nje azione. Kama zipo, kaa pale pale wakati wa kukopi, peleka eksteno yako mwenyewe, na mwambie fundi asibakishe kopi kwenye mashine yake na ahakikishe mbele yako anafuta. Fundi mwenye heshima hatakasirika. Mie mwenyewe huwageuzia wateja skrini ili wafungue picha wao kuhakiki.

Ikibidi kuipeleka bara, ifunge kwa sponji ndani ya boksi gumu na uishike mkononi ndani ya boti. Usiitie kwenye mizigo inayorushwa pale bandarini Malindi, Unguja.

Mafaili yakishatoka fungua ishirini thalathini hivi ovyo ovyo, tazama picha mpaka chini, sikiliza sauti mpaka mwisho, mana faili linaweza kuwa na jina na ukubwa na ndani likawa tupu. Kopi ya pili iweke nyumba nyengine. Diski mbovu usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa bado ina picha za watu. Ifunge kwenye tambara zito, vaa miwani, uipige nyundo katikati mpaka usikie ndani pamevunjika, kwa sababu sahani za diski nyingi za laptopu ni kioo na vipande vyake vinaruka.